Shilingi iliyoua santuri ya babu

Basi bwana, babu yangu wa Butiama aliniachia gramafoni ya umeme na santuri moja ya Mbaraka Mwinshehe, yule aliyefariki kwa ajali ya gari Kenya mwaka 1979. Nikavipakia kwenye Hiace mpaka Musoma.

Kufika geto, sindano inarukaruka. Washikaji wakanipa dawa: "Bandika sarafu juu ya mkono!" Ikatulia. Wiki nzima tukajirusha. Kumbe nachimba kaburi! Sauti ya Mbaraka ikaanza kukwaruza kama ana mafua.

Nikakimbilia kwa fundi mmoja mzee, Bunda. Akaitupa sarafu, akazungusha kile kizito cha nyuma mpaka mkono ukaelea, haupandi haushuki. Ndipo akauongezea gramu mbili tu.

"Mjukuu wangu, kizito kilisogea njiani. Wewe ukaongeza mzigo!"

Sasa hairuki. Ila upande niliouchezesha na sarafu ndo basi tena, mifereji ikishalika hairudi. Nimebaki na upande wa pili.

Nawe mwenye gramafoni ya mzee, shilingi yako nunulia karanga.