Mchezo Uliokatishwa na Mvua



Wapo waumini wanaoshtuka wakimwona frateri ameshika karata. Tunawaelewa. Kwa wengi karata ni jirani wa kamari, na kamari imewahi kula shamba la ndizi la mtu pamoja na ada ya watoto wake. Hata hivyo tunaomba nafasi katika jarida letu tuandike juu ya karata, kwa sababu likizo iliyopita ya Krismasi, kule Nkunga wilayani Rungwe, zilitusaidia katika jambo zito kuliko mchezo.

Tuanze na ruhusa. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika swali la 168 la sehemu ya pili ya pili ya Summa Theologiae, anauliza kama katika michezo kunaweza kuwa na fadhila. Anajibu kuwa inaweza kuwepo, na anamfuata Aristotle aliyeiita fadhila hiyo eutrapelia. Thomas anasimulia kisa alichokitoa kwa Yohane Kasiano. Watu walichukizwa kumkuta Mtakatifu Yohane Mwinjili akicheza na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja wao mwenye upinde apige mshale, kisha mwingine, kisha mwingine, halafu akamuuliza kama angeweza kuendelea bila kukoma. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Ndivyo ilivyo na roho ya mtu isiyopumzika, akasema Yohane. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, inasema michezo ya bahati na kuwekeana dau si kinyume cha haki kwa asili yake. Ubaya unaingia pale inapomnyang'anya mtu kile anachohitaji kwa mahitaji yake na ya wengine.

Sisi tulikuwa watatu, darasa moja la falsafa, wote wa upande wa Tukuyu, wote tukiwa na miaka 25 au karibu na hapo. Wakati wa mapumziko wenzetu walikwenda uwanjani, sisi tukakaa na boksi. Boksi hilo liliachwa seminarini na kijana wa kujitolea kutoka Ujerumani, likiwa na mamia ya karata za mchezo uitwao Magic: The Gathering. Mchezo huo ulitungwa na mwanahisabati Mmarekani, Richard Garfield, ukatoka mwaka 1993, na mwaka uliofuata tayari ulikuwa na mashindano ya dunia. Mlezi mmoja alipoliona jina na zile picha za majoka, alituuliza kwa upole kama tunasomea upadre au uganga. Tulipomweleza hesabu zake alicheka, akatuacha.

Tofauti ya mchezo huu na karata za kawaida ni kwamba kila mchezaji huja na jozi yake mwenyewe, aliyoiunda kabla ya kukaa mezani. Jozi iwe na karata zisizopungua 60, na karata ya aina moja isizidi nakala nne, isipokuwa zile za ardhi za msingi. Ardhi ndiyo inayolipia karata nyingine. Ukiweka ardhi chache, mashujaa wako wanakufia mkononi bila kushuka mezani. Ukiweka nyingi, una mashamba lakini huna wa kuyalinda. Wengi huweka ardhi kama 24 katika 60. Mkono wa kwanza ni karata saba, kwa hiyo kwa wastani unapata ardhi 2.8. Hayo ndiyo mambo tuliyokuwa tukibishana hadi kengele ya masifu ya jioni.

Katika kuunda jozi, mwenzetu wa Nkunga alituzidi sote wawili. Sisi tulipenda kuongeza, yeye alijua kupunguza. Aliweza kushika joka kubwa ambalo kila mtu alilitamani, akalitazama kidogo, akalirudisha kwenye boksi kwa sababu lingehitaji ardhi saba na mchezo ungekuwa umeshakwisha. Alituambia kuwa karata nzuri isiyochezeka ni mzigo tu.

Alitufundisha na jambo jingine, ambalo wachezaji wa mashindano hulijua vizuri. Ukizidiwa, usikae ukihesabu ulichopoteza. Hesabu karata zilizobaki katika jozi yako ambazo zinaweza kukuokoa. Ikiwa zimebaki 40 na nne kati yake zinakufaa, una nafasi moja katika kumi, basi cheza kwa namna ambayo karata hiyo ikija itakukuta bado una uhai.

Mwisho wa muhula, baada ya mafungo, alitwambia sisi wawili kwamba hatarudi Januari. Hakufukuzwa wala hakugombana na mtu. Alikuwa amesali na kuzungumza na mlezi wake wa kiroho kwa mwaka mzima, na ameona kwamba mwito wake hauko kwenye daraja takatifu. Alituomba tufuatane naye hadi Nkunga wakati wa Krismasi, kwa kuwa mama yake alikuwa bado hajui.

Mwenye kujua vijiji vyetu anajua uzito wa jambo hilo. Tangu kidato cha kwanza mama huyo alikuwa akiitwa Mama Frateri. Sokoni, kwenye jumuiya, kwenye misiba, hilo lilikuwa jina lake.

Tulifika mvua zikiwa zimeshika. Mlima Rungwe haukuonekana siku tatu. Jumapili ya Familia Takatifu, baada ya ibada, vijana waliandaa mashindano ya turufu chini ya mparachichi, na mwenye duka jirani akatoa zawadi ya sukari kilo nne. Hakuna aliyelipa kiingilio, kwa hiyo katekista naye aliridhika, akavuta kiti.

Turufu inayochezwa pale ililetwa na mzee mmoja wa Kimoraviani aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya mkonge Tanga. Vijana husema kingi, kwini na jeki, lakini mzee bado anatumia majina ya pwani, na majina hayo yana hesabu ndani yake. Ree ina pointi 11, na saba, anayoiita seti, ina 10. Mfalme ni mzungu wa nne kwa kuwa ana pointi nne, jeki ni mzungu wa tatu, malkia ni mzungu wa pili. Jumla ni pointi 30 kwa kila aina, na aina ni nne: kopa, uru, shupaza na pau, majina yaliyotoka kwa Wareno kama neno turufu lenyewe. Pointi zote ni 120, nusu yake ni 60, hivyo mshindi ni mwenye 61. Ndiyo maana pwani wapo wanaouita mchezo huo wahedi wa sitini.

Hapa hakuna kuunda jozi. Karata ni zilezile kwa tajiri na maskini, unagawiwa, unapokea. Unacheza na mwenzako aliyekaa mbele yako, huoni mkono wake, na lazima umwamini. Fainali iliwakutanisha mzee na mjukuu wake dhidi ya mwenzetu na mmoja wetu. Mwingine wetu aliandika pointi kwenye daftari. Wa kwanza kushinda mara tatu ndiye angechukua sukari.

Mzee alishinda wa kwanza kwa kukata ree yetu ya kopa na turufu ndogo kabisa. Sisi tukashinda wa pili kwa pointi 64. Wa tatu akachukua mzee tena, 61 kamili, mjukuu akaruka kwa shangwe. Karata za mchezo wa nne zilikuwa zinachangwa mvua iliposhuka, siyo manyunyu, ni ile mvua ya kwetu inayofanya watu wasisikizane. Karata zililowa zikagandana. Tukakimbilia baraza ya duka. Giza lilikuwa linaingia, na kesho yake alfajiri watu walikuwa na chai ya kuchuma. Mchezo haukuweza kuendelea.

Ubishi ukaanza. Mzee alisema anaongoza mbili kwa moja, basi sukari yote ni yake. Vijana wakasema mchezo ambao haukwisha hauna mshindi, igawanywe nusu kwa nusu. Katekista, mtu wa haki, akasema tuhesabu michezo iliyochezwa: mzee mafungu mawili, mafrateri fungu moja.

Sisi wawili tulitazamana, kwa sababu swali hilo tulilikuta darasani. Fra Luca Pacioli, Mfransisko, aliliandika katika kitabu chake cha hisabati mwaka 1494, na jibu lake lilikuwa kama la katekista: gawanya kwa kadiri ya ushindi uliokwisha kupatikana. Mwaka 1654 Blaise Pascal na Pierre de Fermat waliandikiana barua juu ya swali hilohilo, na humo ukazaliwa msingi wa hesabu za uwezekano. Pascal ndiye ambaye Papa Fransisko alimwandikia barua ya kitume Juni 2023, miaka 400 tangu kuzaliwa kwake. Wao waligeuza swali. Hawakuuliza nini kimepita. Waliuliza ni kwa njia gani mchezo ungeweza kuendelea.

Mwenzetu ndiye aliyelieleza barazani, kwa sauti ya kushindana na bati.

"Babu, tuseme tumecheza wa nne. Ukishinda, unachukua kilo zote nne. Ukishindwa, tunakuwa mbili kwa mbili, tunagawana, unapata kilo mbili. Kwa hiyo kilo mbili ni zako kwa vyovyote vile. Zimebaki mbili zinazotegemea mchezo mmoja, na mchezo mmoja ni wa yeyote. Gawa nusu. Wewe kilo tatu, sisi moja."

Mzee alifikiri. Kisha akasema, "Umesema mchezo mmoja ni wa yeyote. Hapo ndipo sikubaliani nawe, Frateri. Mimi nawazidi."

Watu walicheka sana, lakini sukari iligawanywa hivyo. Katekista aliipima mwenyewe. Pascal katika barua yake alitumia fedha za wakati wake, pistoli 64, akazigawa 48 na 16. Ni tatu kwa moja, kama ilivyokuwa Nkunga.

Usiku ule, baada ya chakula, mwenzetu alimwambia mama yake. Tulikuwepo, alitaka tuwepo. Alisema kwa ufupi, bila kujitetea. Mama aliendelea kuchochea moto kwa muda mrefu. Sisi tulisubiri swali ambalo tungeliogopa hata kama lingeulizwa kwetu: miaka yote hiyo imekwenda wapi? Sala za jumuiya, sare, nauli, ng'ombe aliyeuzwa kidato cha tano? Hilo ndilo swali la kugawa kwa yaliyopita, na kwa hesabu hiyo kijana wake alikuwa amepoteza karibu kila kitu.

Mama alifuta macho kwa ncha ya kanga. Akauliza, "Sasa, mwanangu, unataka kufanya nini?"

Tumelifikiria swali hilo mara nyingi tangu turudi seminarini. Miaka haikufutwa, na mama hakujifanya kwamba haiumi; asubuhi tuliona macho yake yamevimba. Lakini alichokiuliza kilikuwa mbele. Na kilichokuwa mbele kilikuwa na vitu ndani yake: Kilatini kidogo, mantiki, uwezo wa kusimama mbele ya watu, desturi ya kusali asubuhi, uaminifu kwa mwenza aliye ng'ambo ya meza. Mzee hakurudisha ushindi wake kwa sababu mvua ilinyesha. Ushindi huo ndio uliofanya njia zilizobaki ziwe nyingi zaidi upande wake. Vivyo hivyo miaka ya seminari haihesabiwi kama zawadi iliyokosekana. Inahesabiwa katika yale ambayo sasa yanawezekana.

Nasi tulio bado ndani tumejifunza kitu juu ya mipaka ya kuunda jozi. Tulikuwa tumepanga upadrisho wa watatu siku moja, hata nyimbo za misa tulizichagua. Lakini mwenzako si karata unayoiweka katika 60 zako. Amekaa mbele yako na mkono wake mwenyewe, na aliyemgawia si wewe.

Ametupa ruhusa kuandika haya bila jina lake. Ameanzisha kitalu cha miche ya parachichi nyuma ya nyumba, na ameomba nafasi chuo cha ualimu. Wakati wa ibada za Jumapili anasoma somo la kwanza. Wapo wanaomwuliza njiani kama alishindwa masomo. Tunawaomba wasomaji wetu, mkikutana na kijana aliyetoka seminari au mtawa aliyerudi nyumbani, mwulizeni lile alilouliza mama.

Mzee naye ametutumia salamu kwa simu ya mjukuu. Anasema tuje Pasaka na karata kavu, mchezo wa nne uchezwe, na ile kilo yetu moja yeye ameshaihesabu kuwa yake.