Kuelekea Kusini

Jumanne, 8 Aprili. Charleston

Mama hajala. Supu imerudi jikoni mwa meli kama ilivyokuja. Au sikupaswa kumleta huku?

Gadsden's Wharf mchana. Jumba la makumbusho limenyanyuliwa juu ya nguzo 18, uwanja wa gati la zamani ukaachwa wazi chini yake. Sakafuni kumechorwa watu, bega kwa bega, walivyopangwa tumboni mwa meli. Maji huja yakawafunika, kisha hutoka. Mama kavua viatu.

"Walishukia papa hapa?"

Papa hapa, Mama. Maelfu yao 1806 na 1807, wafanyabiashara wakiwahi kabla ya marufuku ya kuingiza watumwa, 1 Januari 1808.

Hakuuliza tena. Afadhali angeuliza.

Jumatano, 9 Aprili

Kacheka! Alhamdulillahi.

Sokoni, bibi wa Kigullah, mzao wa watumwa wa pwani hii, anashona vikapu. Hasuki, anashona: nyasi zinazonukia anazizungusha duara juu ya duara, anatoboa kwa mpini wa kijiko uliochongwa, anapitisha chane za mkindu wa kwao. Mama, msuka mikeka tangu utotoni, kakibinua kikapu kutazama kilipoanziwa. Bibi yule uso ukamchanua. Nani kakufunza? Mama yake, naye kwa mamaye. Vya kwanza vilikuwa vya kupepetea mpunga, enzi za mashamba ya Carolina, ujuzi wenyewe umetoka Afrika Magharibi.

"Basi ni ungo," Mama akasema, akakaa kitako pale pale.

Bei kali. Nikataka kupunguziwa, Mama akanifinya mkono.

Ijumaa, 11 Aprili. Savannah

Goti la Mama limevimba. Mawe ya River Street ndiyo yaliyolichosha, farumi ya meli zilizokuja nyepesi na kuondoka na pamba. Nimemkalisha kwenye mojawapo ya bustani za mraba alizopanga Oglethorpe, mwanzilishi wa mji, 1733. Vivuli, miti yenye ndevu. Mji mzuri mno. Naupenda, na kuupenda kwenyewe kunaniuma.

Usiku meli inageuka kila mara, kibla nacho. Namtafutia kwenye simu.

Jumapili, 13 Aprili. St. Augustine

Meli imebaki bandarini, tumekuja kwa basi. Ngome ya Wahispania, iliyoanza kujengwa 1672, Mama kaipapasa: "Haya si matumbawe?" Karibu. Ni kombe zilizogandamana. Mizinga ya Waingereza ilizama ukutani bila kuubomoa.

Lakini Fort Mose! Ilipokuwa ngome ya awali ni kinamasi, ndege na majani. 1693 mfalme wa Hispania aliahidi uhuru kwa watumwa watoro watakaoingia Ukatoliki. 1738 wakapewa makazi yao hapa, kapteni wao Francisco Menéndez, naye mtoro.

"Walitoroka wapi?"

Carolina.

"Tulikotoka sisi?"

Huko huko. Akahesabu mito kwa vidole, nikimtajia: Savannah, Altamaha, St. Marys, St. Johns. Sisi tumeipita tukinywa chai.

"Na watoto mgongoni," akasema. Sauti yake ilikuwa na fahari, sijaisikia siku nyingi.

Anataka turudi kesho, sisi wawili, bila kundi. Meli inaondoka saa nane mchana. Nimeshaagiza teksi ya saa kumi na mbili asubuhi.