Iguana wa Fundi Viatu wa Hialeah

Mjukuu wangu aliikuta picha ya zamani ndani ya bahasha. Mzee mmoja amesimama kivulini mtaani Hialeah, pembeni mwa Miami, ameshika ugwe wa ngozi, na mwisho wa ugwe yupo mjusi mkubwa, iguana dume, mkia wake umelala kwenye majani mpaka nje ya picha. "Babu, huyu alikuwa anapelekwa kuchinjwa?" Hakuwa akitania. Kijana aliyekulia Florida anamjua iguana kama mharibifu anayechimba chini ya kuta za mifereji na kumaliza bustani, ambaye watu hulipwa kumuua. Kwamba kuna mtu aliyemzoeza ugwe, akamtembeza kwa subira na heshima, hilo hajawahi kusimuliwa.

Stempu ya pasipoti yangu inasema niliingia Miami Septemba 1994. Basi picha itakuwa ya 1995, au mwaka uliofuata. Tuiache hapo. Ninachokumbuka vizuri ni kwamba siku zile watoto wa iguana walijaa kwenye maduka ya wanyama, wa kijani kama majani ya mgomba, wakiuzwa kwa dola chache tu. Waliletwa kwa malaki kutoka mashamba ya Amerika ya Kati na Kolombia. Sikumsikia muuzaji hata mmoja akimwambia mteja kuwa yule mtoto, akitunzwa vizuri, atafikia mita moja na nusu, pengine karibu mbili, na kuishi miaka 15 au zaidi.

Mzee wa pichani alikuwa fundi viatu, Mkuba, na mtaa mzima ulimwita Maestro. Chumba chake cha kazi, karibu na Palm Avenue, ulikinusa kabla hujakiona: gundi ya soli, ngozi iliyolowekwa, rangi ya viatu, na kahawa nzito ya sukari nyingi aliyoipika nyuma ya cherehani. Katikati ya harufu hizo kali ilikuwamo nyingine ya majani mabichi, maana iguana alilishwa pale pale. Alikula sukuma wiki, hii hii tunayoijua, majani ya haradali, na maua mekundu ya haibiskasi ambayo mzee aliyachuma uani. Wengine waliwapa wa kwao saladi tupu au chakula cha mbwa, na wanyama wao wakafa kwa figo, au mifupa ikalainika mpaka taya likapinda. Maestro alijua kuwa huyu ni mla majani. Alijua pia kuwa jua la dirishani halimtoshi, kwa sababu kioo huzuia miale inayousaidia mwili wake kutengeneza vitamini D na kuimarisha mifupa. Ndiyo maana alimtoa nje. Ugwe ulikuwa njia ya kumfikisha juani bila kumpoteza juu ya mti.

Mimi ni mtu wa Pangani. Kwetu kenge tulimjua kwa mayai ya kuku aliyoyaiba, na mtoto mkaidi aliambiwa kuwa kenge hasikii mpaka damu imtoke masikioni. Kumwona mjusi mkubwa kama yule ametulia huku akifungwa mkanda na mikono ya mzee, bila kupiga mkia, kulinishangaza sana. Nikawa napita pale kila nitokapo kazini.

Maestro hakumfunga shingoni. Shingo ya iguana haitofautiani sana na kichwa kwa unene, hivyo akirudi nyuma kamba inachomoka, na ikikaza inamkaba. Mkiani ndiyo kabisa haifai, kwa kuwa mkia unaweza kukatika ukabaki mkononi mwako. Alikata ngozi laini ya bitana, akashona mikanda miwili, mmoja wa kupita mbele ya miguu ya mbele na mwingine nyuma yake, ikaungana kifuani na mgongoni bila kulaza miiba ya uti. Hakumvisha mara moja. Aliiacha juu ya ubao ambao mnyama aliota joto chini ya taa, mpaka akaacha kuitazama. Baadaye alimvisha asubuhi, kabla mwili haujapata moto, kwani mjusi aliyepoa ni mpole. Alimvua upesi na kumpa ua. Muda ukarefushwa polepole. Ugwe ulifuata mwishoni, ukiburuzwa kwanza sakafuni dukani bila mtu kuushika.

Mkono wake ulimwendea kutoka ubavuni, kamwe si kutoka juu. Iguana ana kijicho utosini kisichoona sura ya kitu, ila hutambua mwanga na kivuli, na kivuli cha ghafla kwake ni mwewe.

Nje, mzee hakuvuta. Mjusi ndiye aliyechagua njia, na kufika kona ya mtaa kungeweza kuchukua nusu saa. Walipita kwenye majani, si kwenye saruji ya moto. Akitaka kumgeuza, Maestro alikwenda kusimama mbele yake, akangoja. Dume alipoingia msimu wa kupandana, kuelekea miezi ya baridi, aligeuka rangi ya chungwa na kuwa mkali hata kwa aliyemlisha, na hapo matembezi yalisimama. Kila waliporudi, mzee alinawa kwa sabuni, maana wanyama hawa hubeba vijidudu vya salmonela.

Leo naonyeshwa video za vijana wakikokota mijusi juu ya lami saa saba mchana, kamba shingoni, ili watu wacheke. Inanikasirisha. Mjusi anayetanua mdomo kwenye video zile hafurahii chochote.

Mengine yalikwenda haraka. Iguana walikuwa wameonekana porini Miami tangu miaka ya 1960, na waliochoka kufuga wakawaongezea idadi. Baridi ya Januari 2010 iliua wengi, waliosalia wakazaana. Januari 2020 baridi iliwadondosha tena kutoka mitini, wamekakamaa, wengi wakiwa hai. Maestro alikuwa ameshafariki, na chumba chake kinauza simu. Mwaka 2021 Florida ilipiga marufuku kumfuga iguana wa kijani. Waliokuwa naye walipewa mpaka Julai 28 kuomba kibali cha bure na kumtia chipu chini ya ngozi, na huyo akifa hawaruhusiwi kuchukua mwingine. Kwenye orodha hiyo yumo pia kenge wa Nile, jamaa wa wale wa mto wetu kule Pangani, aliyeishia kwenye mifereji ya Cape Coral.

Siipingi sheria ile. Kuta za mifereji zinabomoka kweli, na sheria yenyewe ilichelewa. Ninachokataa ni chuki juu ya mnyama. Iguana hakujileta Florida. Walimleta waliomuuza mtoto wake wakaficha ukubwa wake, na waliomnunua bila kuuliza.

Wewe msomaji, uwe Nairobi, Muscat au Minneapolis, ukionyeshwa mjusi mdogo wa kuuzwa, uliza atafikia urefu gani, ataishi miaka mingapi, na sheria ya mahali ulipo inasemaje. Muuzaji asipokujibu, usinunue.