Woga Wetu Usiwe Mzigo Wake

Binti yetu alitembea peke yake njia ya John Muir huko California: kilomita 340 hivi za milima, begi mgongoni. Alfajiri alikunja hema, akachuja maji ya kijito, akawahi kuvuka mlima kabla ya radi za alasiri. Chakula alikifungia kwenye kopo gumu ambalo dubu hawezi kulifungua. Jioni yake, alfajiri yetu, ujumbe ulikuja kwa setilaiti: "Nimefika salama, mama."

Siku moja ulichelewa hadi saa nne asubuhi. Baba yake akataka aambiwe arudi. Nilikataa. Baadaye akaandika: mawingu yalitanda, akasubiri bondeni.

Mzazi mwenzangu, tunawalea wajitegemee. Kuwaamini nako ni malezi.