Zimwi Mezani Ilboru

Kitu cha kwanza kunishangaza Arusha ni vichwa vya watoto. Niliposhuka garini Ilboru, juu kidogo ya mji, mtoto wa kwanza hakunipa mkono. Alikuja mpaka mbele yangu, akainamisha kichwa, akasimama kimya. Nikadhani kuna kitu ameangusha. Binti yangu akaninong'oneza, "Mama, mguse." Nikamwekea kiganja utosini, akaondoka zake ameridhika, akaja wa pili, akaja wa tatu. Ndivyo watoto wa Kiarusha wanavyowaamkia wakubwa, kama ndugu zao Wamaasai. Kwetu Unguja mtoto huushika mkono wa mkubwa akaubusu. Hapa mtoto analeta kichwa, na mkubwa ndiye anayetoa mkono. Siku ya tatu nilikuwa nimeshazoea, hata mtoto akichelewa kuinama kiganja changu kinamtafuta.

Nilikuja kumtazama binti yangu aliyeolewa huku. Kutoka Unguja ni boti mpaka Dar es Salaam, kisha basi kutwa nzima, zaidi ya kilomita 600. Mkobani nilikuwa na karafuu, nazi sita, na pweza mkavu niliyemfunga kwa magazeti tabaka tatu, nisije nikawaudhi abiria wenzangu. Ukishapita Moshi hewa inabadilika. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na nyuma yake umesimama Mlima Meru, mita 4,562, wa bluu asubuhi na usioonekana kabisa mchana, mawingu yanapoufunika. Ni volkano iliyolala. Mara ya mwisho ilitoa majivu mwaka 1910. Nilifika mwishoni mwa Oktoba, mijakaranda imechanua, na chini ya kila mti kuna zulia la maua ya zambarau ambalo watu wanalikanyaga wala hawalitazami. Jioni baridi inashuka mlimani, na kila mtu, hata kijana wa bodaboda, anavaa sweta nzito.

Tarehe 31 asubuhi mjukuu wangu mkubwa, mwenye miaka tisa, akatangaza kwamba usiku ule tutakula chakula cha kutisha. Nikamwuliza, "Cha kutisha vipi, kimeharibika?" Akacheka. Alimaanisha Halloween, usiku wa kutishana kwa mchezo, aliyoisikia shuleni kwa wenzake, watoto wa wageni. Arusha ni mji uliozoea wageni. Watalii wa Serengeti na Ngorongoro hupitia hapa, makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa, na mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyohukumu mauaji ya kimbari ya Rwanda iliendesha kesi zake hapa mpaka ilipofungwa mwaka 2015. Wageni wakikaa huacha vitu, na watoto ndio wa kwanza kuviokota.

Nilisita, na nataka kueleza kwa nini. Kwetu kitu cha kutisha na chakula cha familia havikai sahani moja. Wenye pepo huwatayarishia sinia yao ya kando, ina mayai, ndizi mbivu na vitamu, ubani unafukizwa, wala mtoto haruhusiwi kudokoa. Hadithi za mazimwi zilikuja baada ya kula, vyombo vimeshaoshwa, na kwa giza tu. Bibi yangu alituambia anayesimulia mchana hupotea njia. Na hofu yenyewe naijua. Mwaka 1995, habari za pepo Popobawa zilipotoka Pemba zikaingia Unguja, mitaa mizima tulilala nje, mikeka imepangwa mlango hata mlango, wanaume wamekaa macho. Usiku ule hakuna aliyecheza. Kwa hiyo kusikia mtoto anataka kumweka zimwi kwenye bakuli, moyo uligoma kidogo.

Lakini nyumba haikuwa yangu. Mwenye neno ni mkwe mwenzangu, mama wa mume wa binti yangu, ambaye nyumba nzima inamwita Koko, yaani bibi kwa lugha yao. Yeye ni Mlutheri, na kwake tarehe 31 Oktoba ni Siku ya Matengenezo, ukumbusho wa Martin Luther na mwaka 1517. Nilitegemea atakataa. Alisikiliza, akauliza kama vitu vyote vitaliwa na hakuna kitakachotupwa, akakubali.

Tukaenda Soko la Kilombero. Soko letu la Darajani pua inafika kabla ya macho: samaki, mdalasini, iliki. Hapa pua haina kazi kubwa, macho ndiyo yanayoshiba. Karoti zimepangwa kama kuni, kabichi kubwa kuliko kichwa, njegere, bitiruti bado zina udongo mweusi wa mlimani. Nikaomba ndizi za kupika, muuzaji akaniuliza nataka mshare au ndizi ng'ombe. Mimi ninayejua mkono wa tembo na mzuzu sikuwa na jibu. Akanichagulia mshare, nyembamba, zimenyooka. Mjukuu akazishika akasema, "Vidole hivi." Nami nikaviona.

Tukanunua na boga, ganda lake la kijani lililopauka. Mjukuu alidhani maboga ya kuchongwa ya Halloween asili yake yote ni kwa Wazungu, nikamsimulia njiani ninalolijua. Desturi hiyo ilianzia Ireland na Uskochi, na huko walichonga tanipu, mzizi mgumu wa duara, wakaweka mwanga ndani. Wairishi walipohamia Marekani wakakuta boga, ambalo ni kubwa na jepesi kuchimba. Boga lenyewe asili yake ni huko Amerika, likasafiri likafika pwani yetu, likaingia kwenye futari. Basi tuliligawa. Ganda tulilichonga macho na meno, likapewa mshumaa. Nyama yake nikaipika boga la nazi, kama ya Ramadhani, na nazi zangu zikapata kazi.

Jiko la gesi lipo ndani, lakini Koko anapika nje, kwenye kibanda cha mafiga matatu katikati ya migomba. Huko ndiko nilikojifunza loshoro. Mahindi yaliyokobolewa huchemshwa mpaka yalegee, yakapondwa pamoja na ndizi, kisha yakamiminiwa maziwa mgando. Maziwa hukaa kwenye kibuyu kinachosafishwa kwa kijinga cha mti wanaouita oloirien, kwa hiyo yana harufu ya moshi na weusi kidogo wa mkaa ndani ya weupe. Mara ya kwanza ulimi wangu uliosoma tui ulishtuka kwa ule uchachu. Mara ya pili niliomba niongezewe. Watu wa huku hula loshoro kama sisi tunavyokula wali wa nazi: ukiumwa, ukichoka, ukirudi safari. Mjukuu alipouona ule mseto mweupe wenye mabonge akaupa jina hapohapo: ubongo wa zimwi. Koko alirudia jina hilo polepole, akacheka mpaka akashika mbavu.

Kisha yule mtoto akaleta picha aliyoichora shuleni ili aibandike ukutani. Bibi kizee, kofia ndefu, ufagio.

"Huyu nani?" Koko akauliza.

"Mchawi, Koko."

"Mbona macho yake mekundu?"

"Wachawi ndivyo walivyo."

Koko alikuwa anapuliza moto. Aliinua uso, na macho yake yalikuwa mekundu, yanatoka machozi, kama ya mwanamke yeyote aliyepika kwa kuni tangu utoto wake. Akayafuta kwa pindo la shuka. Akasema, "Zimwi pikeni. Mchawi hapana." Hakupandisha sauti. Mtoto akaikunja karatasi, nasi tukaendelea kumenya ndizi.

Sentensi hiyo ndiyo niliyoibeba kutoka Arusha, nami nasimama nayo. Huko Uingereza na Marekani mchawi amekuwa vazi la mtoto. Kwetu Tanzania bado. Katika mikoa kama Shinyanga, Mwanza na Geita wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa sababu jirani aliona macho mekundu akasema huyu ni mchawi, kumbe ni moshi wa jikoni. Sheria ya Uchawi, iliyopo tangu 1928, inakataza kumtaja mtu kuwa mchawi, na bado watu wanatajwa. Zimwi ni kitu kingine. Zimwi halina jirani wala shamba la kurithiwa, na hakuna atakayelia ukimtia mtoto wa zimwi kwenye sufuria. Mchawi kila mara ni bibi wa mtu. Mzazi anayetaka kuwachezea watoto wake usiku wa kutisha aanzie kwenye tofauti hiyo, kabla hajawasha jiko.

Upishi uliendelea hadi magharibi. Mshare zilichemshwa na nyama, mchuzi mzito wanaouita machalari, na kwenye ncha ya kila ndizi watoto wakachomeka kipande cha kitunguu kuwa ukucha. Mayai ya kuchemsha yalikatwa nusu, punje ya pilipili manga ikakaa katikati ya kiini, na kwa kijiti kilichochovywa maji ya bitiruti wakachora mishipa. Yakawa macho, na yalitazama kweli. Palikuwa na shauri la damu. Jirani, Mchagga, alisema kwao Kilimanjaro kuna kisusio, supu ya damu ya mbuzi, anaweza kutuletea. Mimi na binti yangu ni Waislamu, damu hatuli, naye alipokumbuka akatangulia mwenyewe kuomba radhi. Supu ya bitiruti ikachukua nafasi, nyekundu kuliko damu yoyote niliyowahi kuona, na haikumtenga mtu.

Zikabaki taa. Tukazima zote, tukaacha boga tu. Nilipotazama ule mshumaa nikakumbuka Tengeru, kilomita chache kwenye barabara ya Moshi, ambako mkwe wangu alinipeleka juzi yake. Pale kuna makaburi ya Wapolandi. Kuanzia mwaka 1942 wakimbizi kama 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamepelekwa Siberia, walihifadhiwa Tengeru mpaka Vita vya Pili vya Dunia vikapita, na waliofariki wamelala pale chini ya miti. Kwa Wapolandi tarehe 1 Novemba ni siku ya kwenda makaburini na mishumaa. Hivyo mshumaa huohuo, katika siku hizohizo, mmoja anauweka ndani ya boga acheke, mwingine anauweka juu ya kaburi la mama yake. Sikuwaambia watoto. Ule haukuwa wakati wake.

Watoto walikula macho bila kupepesa. Vidole viliisha kwanza, ubongo ukafuata, na supu waliinywa midomo ikawa ya zambarau kama barabara zao za mijakaranda. Ndipo nikafunua bakuli langu. Pweza nilikuwa nimemroweka tangu usiku uliotangulia, nikamchemsha, nikampika kwa tui na bizari. Kwangu hicho ni chakula cha nyumbani, cha kumliwaza mtu. Hicho ndicho ambacho sikukihesabu miongoni mwa vya kutisha. Kimya kikaingia mezani. Mjukuu wa pili, mwenye miaka sita, alivihesabu vile vibonyeo vya mkononi mwa pweza, akavuta kiti nyuma, akaanza kulia, machozi ya kweli. Hata Koko, mwanamke niliyemwona akipita gizani peke yake kwenda kufunga ng'ombe, alisogeza bakuli kwa ncha ya kijiko na kuuliza, "Huyu mnamla kweli?"

Nikampakata mtoto, nikamwambia huyu hana mfupa hata mmoja, hawezi kusimama nchi kavu, na kwetu akina mama humfuata miambani maji yakitoka, ndoo mkononi, wakiimba. Zimwi likujualo, wahenga wetu walisema, halikuli likakwisha. Nikakata kipande kidogo nikala mbele yake. Akanitazama koo.

Baadaye Koko alisimulia. Zimwi lake upande mmoja ni mtu na upande mwingine ni jiwe, na mkuki ukilipiga upande wa jiwe unavunjika. Kwetu pwani zimwi huhadaa kwa sura nzuri, linakuja kuposa limevaa kanzu. La Koko halijifichi, linakuja wazi, na unachotakiwa ni kujua upande wa kupiga. Watoto walimsogelea mpaka nikashindwa kuona goti lake. Aliyekuwa akilia alilala kwenye mapaja yangu kabla zimwi halijafa.

Asubuhi kulikuwa na ukungu na mlima haukuwepo. Katika bakuli la pweza mlipungua vipande viwili, na mchuzi ulikuwa umefutwa kwa ndizi. Hakuna aliyesema ni nani. Ukienda Arusha mwishoni mwa Oktoba beba sweta, na ukibeba pweza mkavu, mroweke usiku mzima.