Kunduchi, Kijiji Ndani ya Mji

Watu wengi wakisimulia jinsi jiji la Dar es Salaam lilivyovimeza vijiji vya kandokando yake huanza na barabara na viwanja: barabara ilipita, watu wakafuata, mashamba yakakatwa viwanja, hata siku moja kijiji kikaitwa kata. Kwa Kunduchi, kijiji alikozaliwa mama yangu, habari hiyo ni ya kweli, lakini imeanzia katikati. Kabla mji haujaja Kunduchi kukaa, ulikuja kuchukua. Ulichukua mawe, ukachukua mchanga, ukachukua chokaa. Zipo nyumba nyingi za Kinondoni na Mwenge ambazo ukizibomoa leo utaikuta Kunduchi imo ndani ya kuta zake.

Kwa asiyepajua, Kunduchi iko kaskazini mwa jiji, mwendo wa kilomita 20 hivi kutoka Kariakoo, baina ya barabara ya Bagamoyo na bahari. Upande wa bara kuna kilima cha Wazo. Upande wa mawio kuna bahari, na mbele yake visiwa vya Mbudya na Pangavini pamoja na miamba inayovunja mawimbi makubwa kabla hayajafika ufukweni. Katikati mkono wa bahari unaingia nchi kavu, na kando yake kuna mikoko na mashamba ya chumvi. Mtu aliyewahi kurudi na ngalawa wakati kusi limechachamaa haulizi kwa nini wahenga walichagua kukaa hapo. Palikuwa na mahali pa kuegesha vyombo, samaki karibu, chumvi ya kuwakaushia, na nyuma yake ardhi ya kupanda minazi. Mji mzima wa zamani ulihitaji nini zaidi ya hayo?

Nasema mji, wala sikukosea neno. Magofu ya Kunduchi, yaliyosimama kati ya mibuyu, yana msikiti uliojengwa kwa mawe ya matumbawe ambao wataalamu wanaukadiria kuwa wa karne ya 15 au ya 16. Kando yake kuna makaburi ya nguzo, mengine ya karne ya 18, yaliyopambwa kwa vyombo vya kauri kutoka Uchina. Sehemu kubwa ya vyombo hivyo imekwisha kung'olewa, na katika nguzo yamebaki matundu ya mviringo yanayokutazama kama macho yasiyo na mboni. Kaburi la namna ile halijengwi na mtu wa shida. Linajengwa na mtu aliyefanya biashara na ng'ambo na aliyetaka majirani wajue.

Sasa linganisha. Dar es Salaam yenyewe ilianza kujengwa na Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha wavuvi kilichoitwa Mzizima. Majid alifariki mwaka 1870, kazi ikazorota, na mji haukupata nguvu mpaka Wajerumani walipohamishia makao yao makuu hapo kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Kwa hiyo msikiti wa Kunduchi ulikwisha kuwa mzee wa karne kadhaa jiji lilipokuwa bado halijapewa jina. Huwa nacheka kidogo nikisikia Kunduchi ikiitwa eneo jipya.

Mji ulianza kuchukua kwa pupa baada ya Uhuru. Mwaka 1966 kiwanda cha saruji kilianza kazi Wazo, kwa sababu kilima kile ni mwamba wa chokaa uliofanyika zamani sana chini ya bahari. Saruji hiyo ilikwenda kila pembe ya nchi, ila kwa kuwa mzigo mzito hauna faida ukisafirishwa mbali, sehemu kubwa ilishuka mjini. Saruji peke yake haijengi. Inataka kokoto, nazo zilipatikana papo hapo katika machimbo ya Mtongani, ambako akina mama wameketi juani miaka na miaka wakiponda mawe kwa nyundo, mtoto mgongoni au kivulini chini ya kipande cha turubai. Tena inataka mchanga, na mchanga ulikuwa umejaa tele katika vijito vishukavyo baharini, Mbezi, Tegeta na vinginevyo. Lori lilikuwa linarudi nyuma hadi mtoni, vijana wanapakia kwa koleo, dereva analipa, basi. Nani angeona kosa? Mchanga ulionekana kama maji ya kisima: ukichota, mvua inajaza.

Hapa nataka nikae kidogo, maana jambo hili halielezwi shuleni inavyostahili. Mchanga wa ufukweni hautulii. Miezi ya kusi mawimbi huja kwa mshazari kutoka kusini na kuusukuma kuelekea kaskazini, punje kwa punje, usiku na mchana. Ufukwe unabaki pale pale kwa sababu tu kinachoondoka kinaletwa upya, na mletaji mkuu ni mto. Ukichimba mchanga mtoni, kilomita kadhaa kutoka baharini, unakata riziki ya ufukwe ambao hata huuoni. Bahari inaendelea kuchukua sehemu yake ya kila siku kama mdai asiyejua kwamba duka limefilisika. Ongeza hapo watu waliovunja matumbawe kuyachoma chokaa, na wavuvi wa baruti waliopasua ile miamba ya kuzuia mawimbi. Ni kweli kwamba visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975, lakini milipuko iliendelea kusikika miaka mingi baada ya tangazo.

Matokeo yalianza kuonekana katika miaka ya 1970 na yakazidi miaka iliyofuata. Hoteli zilizojengwa ufukweni zilianza kupoteza bustani, kisha kuta. Hoteli ya Africana, kusini kidogo ya Kunduchi, ilihamwa. Siku hizi jina lake ni kituo cha daladala, na vijana wengi wanaoshukia hapo hawajui kwamba palikuwa na hoteli. Wenye uwezo walijenga kuta za mawe kuingia baharini ili zinase mchanga. Zilinasa kweli, upande wa kusini wa kila ukuta. Jirani wa kaskazini akabaki na njaa, naye akajenga wake. Mwisho wa foleni hiyo walikuwapo wavuvi wa kijijini, ambao hawakuwa na wa kumjengea ukuta. Bahari ilichukua nyumba kadhaa, soko la samaki, na msikiti wa kijiji. Mjomba wangu aliwahi kunionyesha kwa kidole mahali alipokuwa akisoma Kurani utotoni. Kidole kilielekea kwenye maji, mahali ambapo ngalawa mbili zilikuwa zimetia nanga.

Habari ya ardhi nitaisema kwa ufupi, ingawa ndiyo iliyoumiza zaidi nyumbani kwetu. Babu mzaa mama alikuwa na shamba la minazi upande wa barabarani. Kwa desturi ya pwani, aliyepanda mnazi ana haki, na kila mjukuu alikuwa na mnazi wake. Wangu ulikuwa wa tatu kutoka kisimani. Sheria ya ardhi ya mwaka 1923, iliyoendelea kutumika miaka mingi baada ya Uhuru, iliangalia mambo vingine: ardhi ni ya umma, na mtu anayehamishwa hulipwa kile alichokiweka juu yake. Basi walipokuja watu wa ofisi moja na daftari lao, walihesabu minazi 43, miembe sita na kibanda kimoja. Udongo haukuandikwa. Babu alilipwa miti. Miaka michache baadaye mahali pale pale pakauzwa kwa kipimo cha mita za mraba. Sheria mpya za mwaka 1999 ziliingiza thamani ya ardhi yenyewe katika fidia, lakini babu alikuwa amekwisha kufariki, na sheria hairudi kinyumenyume kumtafuta mtu kaburini.

Yaliyofuata kila mkazi wa Dar es Salaam anayafahamu. Jiji lililokuwa na watu wapatao 273,000 mwaka 1967 lilihesabiwa kuwa na zaidi ya milioni 1.3 mwaka 1988, na zaidi ya milioni 5.3 mwaka 2022. Kuanzia mwaka 2002 ulikuja mradi wa viwanja 20,000, ukapima Bunju, Mbweni, Mivumoni na kwingineko, na Kunduchi ikajikuta siyo tena pembeni: mji uliiruka ukaenda kutua mbele yake. Barabara kati ya Mwenge na Tegeta nayo ikapanuliwa. Hata hivyo wenyeji wa Kunduchi bado husema "nakwenda mjini" wanapopanda gari la Kariakoo, kama walivyosema bibi zao. Wageni waliojenga nyuma ya mageti makubwa nao wanasema wanakaa mjini. Wote wananunua samaki mahali pamoja.

Diko lingalipo. Wakati wa bamvua maji yanakupwa mbali, watoto wanaokota chaza. Alfajiri vyombo vinarudi, dalali anapanda sauti, na wanunuzi wenye pikipiki na matenga wanagombea changu na kolekole ambao saa mbili asubuhi watakuwa wameshafika Mwenge. Wavuvi wa leo wamechanganyika, wengine wametoka Pemba na Tanga, na mjomba hapendi hilo, ingawa mimi naona diko halijawahi kuwa la ukoo mmoja, hata siku za vyombo vya Uchina.

Kinachomshughulisha mjomba kwa sasa ni makaburi. Eneo la kuzikia la kijiji limebanwa, upande mmoja na magofu ambayo kwa haki hayaguswi, upande mwingine na kuta za majirani wapya. Mama amekwisha sema hataki kupelekwa kwingine. Mwezi uliopita mjomba alipita pale na fimbo yake, akapima kwa hatua kutoka kaburi la babu hadi kwenye ukuta wa jirani, akanipigia simu jioni. Alisema zimebaki nafasi nne, tano tukibanana.