Hatua ya Rafadha

Kamusi zetu zina neno rafadha, nalo masikioni mwangu lina mshindo wa maji yanayopigwa. Lakini ukilitamka kwenye gati la Lamu mbele ya fundi wa mashine za boti, atakutazama kama mgeni aliyeshuka kutoka karne nyingine. Yeye husema propela, na wateja wake wote husema propela. Simlaumu. Mimi nitaandika rafadha, kwa kuwa ukurasa huu ni wa watu wapendao maneno, na neno lisipotumiwa na washairi sijui litatumiwa na nani.

Aliyenitia katika habari hii ni mpwa wangu wa kisiwa cha Pate, mtoto wa dada yangu. Ni nahodha wa boti ya faiba yenye urefu wa futi 23 na mashine ya nguvu za farasi 40, ichukuayo abiria, magunia, na pale panapotokea dharura, wagonjwa. Alinijia na karatasi mbili za maelezo zilizokuja na mashine. “Mjomba, wewe ndiwe ujuaye Kizungu,” akasema. “Nitizamie hapa, nambari ipi ndiyo kubwa kuliko zote, niiagize.” Kizungu changu nimejifunza mwenyewe kwa kamusi na taa ya chemni, nikisoma mashairi; katika mashairi hayo sikupata kukutana na rafadha. Nilizikaa karatasi zile siku tatu.

Kila rafadha imepigwa chapa nambari mbili, zote kwa inchi. Ya kwanza ni kipenyo, yaani upana wa duara linalochorwa na ncha za mapanga yake. Hiyo haina taabu. Ya pili mafundi huiita pichi, na hapo ndipo mfasiri alipokwama. Neno hilo katika Kiingereza huweza kuwa lami ya kuzibia chombo, au kimo cha sauti ya mwimbaji, au kule kuinama na kuinuka kwa omo na tezi katika mawimbi. Hapa si mojawapo ya hayo. Ni umbali ambao rafadha ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inapita katika kitu kigumu, mfano wa parafujo katika ubao. Nililijaribu neno mwinamo, nikaliacha. Nikajaribu mwendo, likawa pana mno. Mwisho nikachukua hatua. Rafadha iliyoandikwa 13 ina hatua ya inchi 13. Mpwa wangu alielewa papo hapo, nami nikajua kwamba tafsiri imekaa.

Basi, akasema, mwenye hatua ndefu ndiye atakayefika kwanza. Ingekuwa hivyo kama bahari ingekuwa ubao. Chukua mashine inayozunguka mara 5000 kwa dakika, yenye giya zinazopunguza mizunguko hiyo kwa nusu, ili rafadha izunguke mara 2500. Kwa hatua ya inchi 11, hesabu inatoa mwendo wa karibu noti 22 na nusu. Majini huzipati. Maji hukubali na kuponyoka, na kwa boti iliyokwisha kuupanda uso wa bahari, sehemu 10 hadi 20 katika kila 100 hupotea katika mtelezo huo. Boti itakwenda noti 19 hivi, na hapo hakuna kilichoharibika. Bila ya mtelezo mapanga yasingekuwa na cha kusukuma.

Kisa cha Francis Pettit Smith kingenifurahisha hata kama nisingekuwa na mpwa nahodha. Mwingereza huyu alipata hataza ya rafadha mwaka 1836. Mwaka uliofuata alikuwa akijaribu chombo chake katika mfereji wa Paddington, London, kwa rafadha ya mbao iliyojisokota mara mbili kama parafujo ndefu. Ikagonga kitu, nusu yake ikavunjika. Chombo kikaongeza mwendo. Mshairi yeyote aliyewahi kukata ubeti mzima akaliona shairi likiinua kichwa atajua alivyojisikia Smith siku ile. Mwaka 1839 meli Archimedes ikaelea kwa rafadha ya aina yake.

Sasa nirudi Pate, maana huko hesabu hizi zina uzito mwingine. Usiku mmoja boti ile ilimchukua mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa kumpeleka hospitali ya Lamu. Maji yalikuwa yamejaa, mlango wa Mkanda unapitika, upepo si mkali. Ndani walikuwamo watu wanane, na godoro, na petroli ya kwenda na kurudi. Rafadha ilikuwa 13. Mashine ilinguruma kwa kilio kizito, tezi ikadidimia, omo ikaangalia nyota, na boti haikupanda juu ya maji hata mara moja. Safari ambayo boti tupu huimaliza chini ya saa moja ilipita saa mbili. Mtoto alizaliwa chomboni, naye hakuishi. Mama yu hai. Sisemi kwamba ni rafadha iliyomchukua mtoto; ajuaye ni Mungu, na mkunga aliyekuwamo hakusema neno. Lakini mpwa wangu ndiye aliyeshika usukani, na tangu usiku ule hakuniuliza tena nambari kubwa ni ipi.

Aliniuliza inayofaa ni ipi. Swali hilo karatasi zililijibu kwa sentensi moja niliyoifasiri kwa uangalifu kuliko beti zangu nyingi: pakia chombo mzigo wake wa kawaida, fungulia mafuta yote, kisha hesabu mizunguko. Mashine ile ilitakiwa izunguke kati ya 4500 na 5500. Boti zetu nyingi za kushika mkono hazina saa ya mizunguko, kwa hiyo fundi aliazima moja ndogo ya kufunga kwenye waya wa plagi. Tukaenda Jumamosi asubuhi. Boti tupu, rafadha 13: 5100, na vijana wakashangilia. Boti yenye watu wanane na magunia manne: 4100. Mashine inayolazimishwa kwenda chini ya kiwango chake ni kama baiskeli inayopandishwa kilima kwa giya ya tambarare: hula mafuta, hujaa masizi, hufa mapema. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila inchi ya hatua unayopunguza huongeza mizunguko kama 150 hadi 200. Tukaweka 11. Yenye mzigo ilitoa 4500 na kitu, ikapanda. Tupu ilifika 5500, mwisho kabisa wa kipimo. Vijana wakalalamika kwamba mwendo wa juu umepungua, na kweli ulipungua.

Ubishi uliobaki ulikuwa wa chuma. Rafadha ya chuma kisichoshika kutu ina mapanga membamba, haijipindi, na inang'aa dukani kama kitara. Mimi na fundi tulikuwa upande wa alumini. Katika mikondo yetu yenye matumbawe, fungu za mchanga na mizizi ya mikoko, siku ya kugonga ipo tu, na ni afadhali panga laini lipinde kuliko pigo lipande hadi kwenye giya. Panga lililopinda fundi hulinyosha. Giya zilizosagika huagizwa kwa pesa za msimu mzima. Fundi aliongeza jambo ambalo karatasi hazikulitaja kwa uzito aliolitia yeye: kila wiki vua rafadha uangalie nyuma yake, maana mshipi wa kuvulia ukijizungusha pale hukata sili, maji ya chumvi yakaingia katika oili ya giya ikawa nyeupe kama tui.

Ile 13 haikuuzwa. Imefungwa katika gunia chini ya ubao wa tezi, pamoja na nati, pini mbili na spana yake, iwe akiba siku 11 itakapovunjikia Mkanda. Mpwa wangu ameandika juu ya gunia kwa rangi nyekundu: ya kurudia nyumbani, bila mzigo.